Baada ya Kuondoka Kasesya

Tulifika Sumbawanga mwezi wa sita, mimi na wanangu wawili, baridi ikiwa kali kama inavyokuwa huku juu, tukiwa na begi moja na blanketi. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake wa kiume alikuwa anakaribia mitano. Tulikuwa tumeondoka Kasesya, mpakani, asubuhi ambayo mume wangu alikuwa amevuka kwenda Zambia na mzigo wake. Sitaeleza sana yaliyokuwa yakitokea katika nyumba ile. Alikuwa akinipiga, watoto wakiona. Siku alipomwinulia mkono binti yangu kwa sababu ya chumvi kwenye mboga, nilijua tunaondoka.

Nilipata chumba mtaa wa Kizwite, nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mwislamu. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini na malori mawili ya Fuso yaliyolala uani. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuitia wateja. Wiki ya kwanza alitusalimia tu na kupita. Wiki ya pili alinikuta nikifua, akavuta ndoo, akaigeuza na kuikalia.

"Mwanangu, nina swali, na usinielewe vibaya. Watoto wako wanaumwa?"

"Hapana, mama. Wazima."

"Mbona siwasikii? Nimelea saba katika uwanja huu. Watoto wawili wakae chumbani siku nzima bila kugombana, bila kuangusha hata kikombe? Mimi nalala naogopa."

Nilitaka kumjibu kwamba wanangu wana adabu. Kila mtu alikuwa akinisifia hivyo: kanisani, shuleni, hata mume wangu mbele ya wageni. Lakini nilipofungua mdomo nilianza kulia juu ya beseni la nguo, nikamweleza yote, mikono ikiwa na povu. Hakunikatiza. Mwishoni alisema neno moja tu, "Kumbe," akaingia ndani, akarudi na chupa ya chai ya tangawizi na maandazi. Kesho yake alimwachia mumewe duka akanipeleka mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii.

Mumewe hakuniuliza lolote, siku ile wala baadaye. Lakini nilianza kuona jambo. Mwanzoni Fuso ilipofika getini, dereva alipiga honi ndefu, na binti yangu alimkamata mdogo wake wakaingia chini ya kitanda, maana baba yao alikuwa akirudi kwa lori. Sasa honi hazikupigwa tena. Lori lilizimwa nje, mtu akashuka kufungua geti kwa mkono. Na yule mzee kila alipoingia uani alikohoa kwanza, kikohozi kikavu cha makusudi, kisha akasema "Hodi wajukuu" kabla hajatokeza kwenye kona. Hodi, katika uwanja wake mwenyewe! Miezi ilipita kabla sijaelewa kwamba kikohozi kile kilikuwa chetu. Nilipojaribu kumshukuru alisema ana mafua.

Afisa ustawi alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, ametoka mkoa mwingine, na baridi ya Sumbawanga ilikuwa inamtesa. Muda wote alivaa sweta mbili. Alikuwa na vyumba viwili vya kukutania. Katika kimoja watoto walikaa kwenye mikeka wakichora na kufinyanga ng'ombe wa udongo. Katika kingine tulikaa wazazi, wengi wanawake na baba mmoja mpole aliyekuwa amemchukua mwanawe kutoka kwa mama wa kambo. Nilidhani nitaulizwa nilipigwaje na wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Zamu yangu ilipofika dada yule aliniuliza:

"Watoto wako wanapenda kula nini?"

Nilikaa nikitafuta kichwani. Nilijua baba yao alipenda ugali wa sembe mgumu, samaki aina ya migebuka wa kukaanga, pilipili pembeni, na kila kitu kiwe cha moto. Nilijua asichokipenda hata kwa harufu. Lakini wanangu? Walikula kilichokuwepo, walisema asante, wakaondoa sahani.

"Sijui," nilisema.

"Basi anza hapo," alisema. "Waulize."

Jioni ile niliwauliza, leo tule nini? Walitazamana. Mdogo alimwangalia dada yake amjibie, na dada yake akaniangalia mimi usoni, akitafuta jibu ninalolitaka.

"Chochote, mama."

"Chochote hakiuzwi sokoni. Nini?"

"Unachopenda wewe."

Hapo nikagundua kwamba hata mimi sikujua ninachopenda. Tulipika viazi mviringo kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Niliuliza tena kesho yake, na keshokutwa. Swali lile liliwatia hofu kwa muda mrefu. Nadhani walilichukulia kama mtego. Kisha jioni moja nikiwa napakua, binti yangu alisukuma sahani mbele kidogo na kusema kwa sauti ndogo sana, macho chini:

"Mimi maharage siyataki."

Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa mkeka. Alikuwa anasubiri kitakachofuata. Nikamwambia, "Sawa. Kuna yai." Nikamkaangia yai. Alilila lote, akaniomba jingine! Nilipomaliza kuosha vyombo nilikimbia hadi kwa mama mwenye nyumba, nikamkuta anakunja nguo.

"Amekataa maharage!"

"Nani?"

"Binti yangu! Amesema hayataki!"

Mtu mwingine angeniona nimerukwa na akili. Yeye aliachia shuka alilokuwa akilikunja, akaweka mikono kifuani akasema, "Alhamdulillahi." Tukacheka mpaka mumewe akakohoa sebuleni kuuliza kuna nini.

Kila kikao kilipokaribia kwisha, dada wa ustawi alituunganisha, wazazi na watoto, ili tucheze. Hilo lilitushinda kuliko kulia. Tulisimama kama tumepangwa foleni ya zahanati. Siku moja akawaambia watoto watufundishe mchezo wowote, nao wakachagua rede. Wawili wanasimama huku na huku wakirusha mpira, mmoja yuko katikati anakwepa. Mpira wenyewe ulikuwa soksi kuukuu zilizojazwa matambara. Wakaniweka mimi katikati.

Mpira ulipokuja nilifunika kichwa kwa mikono yote miwili nikachuchumaa. Sikupanga. Mwili ulifanya wenyewe. Nikiwa pale chini uwanjani niliona aibu, nikasikia vumbi puani. Kisha nikaona miguu ya binti yangu. Alikuwa ameuokota mpira.

"Mama, hii ni soksi tu," alisema. "Ishike."

Akauweka mikononi mwangu. Niliuminya. Ulikuwa mwepesi, laini, una tundu upande mmoja. Mwanamke mwingine aliyekuwa akitazama akaja akasema, "Hebu na mimi." Akauminya. Akampa mwenzake. Ukazunguka hivyo hadi kwa yule baba, naye akauminya akasema, "Kweli ni soksi." Watoto wakaangua kicheko, na sisi pia. Baadaye nilirudi katikati. Nilipigwa mgongoni, begani, tena na tena, maana sikujua kukwepa, na kila nilipopigwa wanangu walipiga kelele kwa furaha. Tulirudi nyumbani wote watatu tumejaa vumbi.

Nisiseme ikawa raha tangu siku hiyo. Sauti ya binti yangu iliporudi, ilirudi na hasira pia. Alianza kunijibu vibaya, kufunga mlango kwa kishindo, kumfinya mdogo wake. Mchana mmoja wa Jumamosi tukiwa tunasugua masufuria nje, aliniuliza bila kunitazama:

"Kwa nini hatukuondoka zamani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Sikuwa na pa kwenda, wewe ulikuwa mdogo, nilidhani atabadilika, wazazi wangu walisema nivumilie. Yote ya kweli. Lakini dada wa ustawi alikuwa ametuandaa kwa swali hilo hilo. Alisema litakuja, na litakapokuja tusianze kwa kujitetea. Mtoto haulizi ili ajue habari za wajomba na nauli, alisema. Anataka kujua kama umeona alivyoumia.

"Nilikuwa naogopa," nilimwambia. "Na wakati mimi naogopa, wewe ulikuwa unaumia. Niliona. Una haki ya kunikasirikia."

"Nimekukasirikia sana."

"Najua."

Alitupa steliwaya chini akaenda zake mtaani. Nilibaki na masufuria, machozi yakinitoka, nikijizuia nisimfuate. Alirudi baada ya muda, akaokota steliwaya, akauliza kama sabuni imebaki. Tulimaliza vyombo. Usiku huo alilala ameuegemea mgongo wangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mdogo.

Mama mkwe wangu alikuja mwishoni mwa mwaka huo. Ni mjane, mkulima, anaishi kijijini huku huku uwandani, na mtoto wake wa kiume ni huyo mmoja. Habari zilimfikia kwa watu. Alishuka mjini juu ya lori la mahindi, akaulizia hadi akatupata, akasimama getini na mfuko wa unga wa ulezi kichwani. Wanangu walipomwona walikimbilia ndani. Bibi yao amefanana na baba yao kupita kiasi: macho yale yale, taya lile lile.

"Shikamoo mama," nilisema. Nilijua amekuja kuniomba nirudi. Ndugu wengine walishapiga simu kwa ajili hiyo hiyo.

"Marahaba, mwanangu." Alitua mfuko. Aliona mlango uliofungwa na akaelewa. "Waache. Nitakaa hapa nje. Wakitaka, watakuja."

Akakaa barazani na shali yake, upepo ukimpiga. Nilimletea uji. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili, hakunywa.

"Sikuja kumwombea," alisema. "Nimekuja kukushukuru."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mimi nilikaa. Mwanangu alikua anaona, kila siku anaona, mpaka akaona ndiyo namna ya kuishi na mke. Wewe umewatoa hawa wajukuu wangu huko. Asante."

Hakuna mtu wa upande wowote, wangu wala wake, aliyekuwa ameniambia neno hilo. Nilikaa chini kando yake. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akichungulia dirishani akiwa tayari kwa vita, alitoka na mkeka na mto, akamkaribisha mwenzake kama ndugu aliyetoka safari.

Mdogo ndiye aliyetoka kwanza. Bibi alikuwa ameomba ungo apepete mchele wetu, na mtoto yule hajawahi kuweza kukaa mbali na kitu kinachorushwa juu na kudakwa. Alisogea, akasogea, hadi akawa anaokota chuya na kumkabidhi. Dada yake alichukua muda zaidi. Alikubali kumsalimia bibi yake kesho yake asubuhi, kwa mbali, na bibi akaitikia kwa mbali.

Alikaa nasi siku kadhaa, kisha akawa anakuja kila alipopata usafiri. Na ni yeye aliyeliona jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata dada wa ustawi. Mwanangu wa kiume anapofikiri au anapoudhika hukunja paji la uso, mikunjo miwili katikati ya nyusi, kama baba yake. Kila alipofanya hivyo nilikuwa naganda. Kama alikuwa amenishika mkono, niliuachilia. Mtoto hajatimiza hata miaka sita!

"Unamwogopa mtoto," mama mkwe aliniambia tukiwa tunachambua maharage.

Niliendelea kuchambua.

"Ukimwona vile, unamwona nani?"

"Unamjua, mama."

"Sikiliza. Paji hilo si la mwanangu. Ni la baba yangu mimi. Alikuwa mhunzi, akifua majembe. Akikunja uso hivyo, watoto wote tulijua anafikiria kazi, tukamzunguka. Hakumpiga mtu hata siku moja, si mama yangu wala sisi. Mwanangu alipewa paji zuri, akalitumia vibaya. Huyu bado hajalitumia."

Sikupona siku ile ile. Lakini mtoto alipokunja uso tena, nilijilazimisha kumuuliza, "Unafikiria nini?" Akanijibu kwamba anashangaa kuku analala vipi bila kuanguka. Nikabaki namtazama. Nilizoea kumuuliza hivyo, na majibu yake yalikuwa ya ajabu kila mara, na polepole nikaanza kumwona yeye na maswali yake. Sasa ni mimi ninayembusu hapo kwenye mikunjo, naye anajifuta kwa hasira kwa sababu amekua.

Nilipomwambia dada wa ustawi habari za mama mkwe, alisema, mlete. Nilisita. Bibi kizee wa kijijini, akae kwenye kikao cha watu waliopigwa? Lakini alikuja, amevaa kitenge chake cha Jumapili na rozari shingoni. Vikao viwili alisikiliza tu. Cha tatu alianza kusema kwa Kiswahili, kikamshinda, akahamia Kifipa, akaendelea bila kusimama. Alieleza miaka yake ya ndoa, yote. Wengi wetu tulielewa. Dada wa ustawi hakujua Kifipa hata kidogo, lakini hakuomba atafsiriwe. Alimtazama usoni hadi mwisho, na mama mkwe alipomaliza, alivua sweta moja kati ya zile mbili akamfunika mabegani. Mama mkwe anayo mpaka leo, hukaa nayo jikoni.

Likizo ya mwaka uliofuata tulikwenda kwake kuvuna ulezi. Nilihofia safari ile, kwa kuwa kijiji kile ndiko nilikoolewa. Lakini mume wangu hakuwa huko. Baada ya kesi niliyofungua kwa msaada wa dada wa ustawi, mahakama iliniachia watoto na kumkataza kutusogelea, naye alihamia upande wa pili wa mpaka, akaanza maisha mengine. Anapiga simu kwa mama yake mara chache. Watoto wakitaka kuzungumza naye siku moja, sitawazuia. Bibi yao naye amewaambia hivyo. Mpaka sasa hawajataka.

Kule shambani upepo ulivuma bila kizuizi, nyasi zikilala upande mmoja, na wanangu walikimbia na watoto wa majirani mpaka giza. Asubuhi moja mdogo alianguka kwenye tuta akachunika goti. Alikuja kwangu akilia kwa kelele, mdomo wazi, kamasi zinatoka. Wakati tunatoka Kasesya alikuwa mtoto anayelia bila sauti. Machozi yalitiririka tu na uso umetulia. Nilimpakata nikamwacha alie. Jirani mmoja alipita akasema, "Mnyamazishe basi." Mama mkwe akamjibu kutoka upande wa pili wa shamba, "Mwache alie, koo ni lake!"

Nimeandika haya kwa sababu mwaka huu mama mkwe ameugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, tukamshusha mjini, akalazwa. Siku hizi tunaishi mtaa wa Izia, nina kijiduka cha vitenge ambacho mama wa Kizwite alinisaidia kukianzisha, na hospitali si mbali. Tulikwenda kwa zamu. Binti yangu, ambaye sasa yuko sekondari, alimsuka nywele pale kitandani. Mdogo wake, ambaye sauti yake imeanza kukwaruza, alimletea uji wa ulezi na kukaa kumsimulia mpira ambao bibi hauelewi kabisa. Mama mwenye nyumba wetu wa zamani alikuja na mumewe. Mzee yule sasa anatembea na fimbo. Alikohoa mlangoni mwa wodi kabla ya kuingia, na wanangu wote wawili wakageuka kwa pamoja wakiwa tayari wanatabasamu.

Nesi mmoja mpya alikuja na faili akamuuliza mama mkwe nani atakayemhudumia.

"Mwanangu," alijibu, akaninyooshea kidole.

"Wa kumzaa?"

Mama mkwe alimtazama kama vile ameulizwa kitu kigumu bila sababu. "Andika mwanangu," alisema. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama nimekula.